Unapanga Kupanda Mlima Kenya? Panga Pesa Kabla ya Kupanga Begi

Siku hizi ukitoka nyumbani na simu umebeba karibu kila kitu. Unalipa matatu, unalipa chai na chapati, unanunua tokeni za stima, unamtumia mama pesa ya dawa, na jioni inafika hujagusa noti hata moja. Tumezoea hivyo mpaka tunasahau kwamba pesa ya kwenye simu inahitaji vitu vitatu ili ifanye kazi: mtandao, chaji, na mtu wa upande wa pili ambaye laini yake iko hewani. Mlima Kenya unaweza kukunyima vyote vitatu kwa siku moja.

Hiyo si sababu ya kuogopa mlima. Agosti ikikaribia, marafiki wanaanza kujipanga, watu wa ofisi moja wanafungua kikundi cha WhatsApp, na swali la kwanza huwa ni lile lile: itakuwa pesa ngapi? Ni swali zuri. Lakini kuna la pili ambalo watu wengi hawaulizi mpaka wamechelewa: hiyo pesa itakuwa wapi, kwa simu ya nani, siku ambayo tutaihitaji?

Tukiulizwa tuseme neno moja tu kuhusu safari ya mlima, tungesema hivi: kila shilingi inayoweza kulipwa kabla ya geti, ilipwe kabla ya geti. Na ile ya dharura ikae kwa mtu ambaye hapandi. Mengine yote hapa chini ni maelezo ya hayo mawili.

Kwanza, jua mnaingilia upande gani

Mlima Kenya ni wa pili kwa urefu Afrika, baada ya Kilimanjaro. Kilele chake cha juu, Batian, kina mita 5,199, na Nelion inafuata kwa mita 5,188. Hivyo viwili ni vya wakwea miamba wenye kamba na mafunzo. Sisi wengine huenda Point Lenana, mita 4,985, ambako mtu mwenye afya nzuri na subira anafika kwa miguu.

Kuna njia tatu zinazotumika sana, na kila moja ina mji wake chini. Mji ndio utakaoamua mengi kuhusu pesa zako.

Njia ya Sirimon iko upande wa kaskazini-magharibi. Mji wake ni Nanyuki, ulio karibu kabisa na mstari wa ikweta, kama kilomita 200 kutoka Nairobi. Nanyuki ni mji mkubwa: benki zipo, supamaketi zipo, mawakala wapo kila kona. Kutoka hapo mnafuata barabara ya kwenda Timau, halafu mnakata kulia kuelekea getini. Mlimani mnalala Old Moses, kisha Shipton's, kambi iliyo kwenye mita kama 4,200.

Njia ya Naro Moru iko magharibi. Mji wa Naro Moru ni mdogo, uko kwenye barabara hiyo hiyo ya Nairobi kwenda Nanyuki, kabla hujafika Nanyuki. Ni njia fupi, na kwa sababu hiyo mwili unapata muda mfupi wa kuzoea hewa nyepesi. Juu ya Met Station kuna eneo la matope na majani marefu ambalo wapandaji hulikumbuka kwa miaka mingi.

Njia ya Chogoria iko mashariki, katika Kaunti ya Tharaka Nithi. Huku mnapitia Embu na Chuka. Wengi husema ndiyo njia nzuri kuliko zote kwa macho: kuna ziwa Ellis, kuna bonde la Gorges, na chini ya maporomoko ya mawe kuna ziwa Michaelson. Lakini kutoka mji wa Chogoria hadi getini ni safari ya kilomita kama 30 ndani ya msitu, na mvua ikinyesha barabara hiyo inataka gari la magurudumu manne yanayovuta. Hiyo ni gharama ambayo watu husahau kuiweka kwenye hesabu.

Miezi mikavu ni Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba hivi. Mvua ndefu huanza Machi hadi Mei, na za vuli huja kuanzia Oktoba. Mvua haikatazi mtu kupanda, ila inaongeza bei: gari linakwama, siku inaongezeka, na siku ikiongezeka kila kitu kinaongezeka nayo.

Changa kidogo kidogo, kwa mafungu manne

Tuchukue mfano wa watu sita wanaotoka Nairobi kwa siku nne. Namba hizi ni za mfano tu, msizichukue kama bei. Tuseme wamekubaliana kila mtu achange shilingi 18,000. Jumla ni 108,000. Wakianza wiki 12 kabla, kila mmoja anaweka 1,500 kwa wiki. Hiyo inawezekana kwa watu wengi kuliko kutafuta 18,000 kwa mpigo wiki ya mwisho.

Kosa la kawaida ni kuitupa yote kwa chungu kimoja na kuanza kuchota. Afadhali mgawanye mapema:

Fungu la kwanza, 60,000: vitu vinavyolipwa kabla ya kuondoka. Ada ya hifadhi, gari, malipo ya kwanza ya mwongozaji na vitanda.

Fungu la pili, 15,000: njiani na mjini. Chakula, maji, betri, soksi ambazo mtu alisahau.

Fungu la tatu, 18,000: salio la timu yenu mkishashuka, yaani mwongozaji, mpishi na wapagazi, pamoja na bahashishi.

Fungu la nne, 15,000: dharura. Hili haliguswi. Mkirudi salama mnagawana, kila mtu anarudishiwa 2,500 yake, na hakuna siku nyingine utafurahia 2,500 hivyo.

Kama kikundi chenu kina akaunti ya pamoja ya kuchangia kwenye simu, itumieni, kwa sababu kila mtu anaona kilichoingia na kilichotoka. Kama hamna, chagueni mweka hazina mmoja, na kila mchango ukifika atume ujumbe kwenye kikundi siku hiyo hiyo. Urafiki mwingi umeharibika kwa sababu ya "mimi nilituma, angalia vizuri."

Na neno moja ambalo huenda hukulitarajia kutoka kwetu: usichukue mkopo wa simu ili upande mlima. Mkopo wa haraka una kazi yake, mtoto akiugua usiku au stoku ikikatika dukani. Mlima utakuwepo mwakani. Kama mchango haujatosha, sogezeni tarehe.

Kabla ya kutuma dipoziti, soma jina

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, na hupotea mtu akiwa bado sebuleni kwake. Unaona ukurasa mtandaoni una picha nzuri: vilele, theluji, watu wanacheka. Bei ni ya chini kuliko wengine. Unaambiwa nafasi zimebaki mbili, tuma dipoziti leo. Unatuma. Siku ya safari mnasimama steji saa kumi na moja asubuhi na begi zenu, namba haishikwi.

Picha yoyote inaweza kuibwa. Kwa hivyo usiangalie picha, angalia mambo haya.

Jina. Ukiweka namba ya till, paybill au ya simu, jina hutokea kabla malipo hayajakamilika. Lisome. Kama umeambiwa unalipa kampuni ya safari na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama, piga simu, uliza. Anaweza kuwa na jibu la kweli, kwa sababu waongozaji wengi wa Nanyuki au Chogoria hufanya kazi kwa majina yao wenyewe na ni watu waaminifu. Basi jina lifanane na lile lililo kwenye kitambulisho chake.

Kibali. Waongozaji wanaofanya kazi ndani ya hifadhi huwa na vibali. Mwombe akutumie picha ya kadi yake ya kazi. Anayefanya kazi halali hakasiriki ukimuuliza, amezoea.

Kubadilisha namba. "Ile namba ina shida leo, tuma kwa hii nyingine." Ukisikia hivyo, usitume. Piga ile namba ya kwanza, kwa sauti, umsikie mwenyewe. Matapeli huingilia mazungumzo ya watu na kujifanya ndio wao.

Kiasi. Hakuna haja ya kulipa yote miezi miwili kabla. Kubalianeni sehemu ya kwanza sasa, ya pili mkikutana mjini, na salio mkishuka. Andikeni makubaliano hayo kwenye ujumbe, hata kama ni mistari mitatu: ni nini kimejumuishwa, siku ngapi, wapagazi wangapi, na safari ikiahirishwa dipoziti inaenda wapi.

Ukitambua umetuma kwa namba isiyo sahihi, wasiliana nasi pale pale. Usingoje jioni. Kama pesa bado iko kwa akaunti ya aliyepokea, kuna nafasi ya kuizuia na kuanza utaratibu wa kuirudisha. Ikishatolewa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu sana na hatuwezi kukuahidi chochote. Na kama mtu akikupigia kusema yeye ndiye amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie kwa mkono wako. Angalia salio lako kwanza, halafu mwambie apitie kwetu. Ujumbe wa uongo wa "umepokea" ni rahisi kuuandika. Salio haliandikwi na tapeli.

Ada ya hifadhi: lipa ukiwa na mtandao

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na ada hulipwa kupitia eCitizen, si kwa noti getini. Unaingia kwenye akaunti yako, unachagua hifadhi, unaandika idadi ya watu na siku, kisha unalipa kwa simu. Paybill ya serikali ni 222222. Ukiona "wakala wa ada za hifadhi" anakupa namba nyingine ya kulipia, achana naye.

Hatuandiki viwango hapa kwa sababu hubadilika. Viangalie kwenye eCitizen wiki mnayopanga bajeti, halafu mviangalie tena siku mnayolipa. Raia wa Kenya hulipa kiwango chake kwa kuonyesha kitambulisho, kwa hivyo kila mtu abebe chake. Picha kwenye simu si kitambulisho.

Msingoje mpaka getini ndio mlipe. Magari yamepanga foleni, mvua inanyesha, mtandao unakuja na kuondoka, na mtu mmoja anajaribu kulipia watu sita kwa simu yenye chaji asilimia tisa. Lipeni usiku wa kabla. Hifadhini risiti kwenye simu mbili, na mmoja wenu aichape kwenye karatasi. Karatasi haiishiwi chaji.

Mjini ndiyo siku yenu ya mwisho yenye mtandao wa uhakika

Mkifika Nanyuki, Naro Moru au Chogoria, jipeni saa mbili za kazi kabla ya kuelekea getini. Kama mnatoka Nairobi kupitia Karatina, soko lake ni kubwa na matunda yake ni ya shambani. Nunueni huko kuliko kubeba yote kutoka jijini. Miji hii midogo inaishi kwa watu wanaopita, na shilingi mia tatu unayomwachia mama wa parachichi ina kazi huko.

Wengi wao wana namba ya till imebandikwa mlangoni. Kulipa kwa till ni bora kuliko kutoa pesa kwanza ndipo ulipe, kwa sababu ukitoa unakatwa ada ya kutoa. Fanya kama dukani kwenu: soma jina, lipa, ngoja ujumbe, onyesha.

Lakini lazima mbebe keshi pia. Toeni mara moja, kwa mtu mmoja au wawili, kuliko kila mtu kutoa 500 hapa na 500 pale. Ada za kutoa vipande vipande zikijumlishwa ni zaidi ya ada ya kutoa mara moja. Toeni mjini, msingoje duka la mwisho kabla ya msitu. Wakala wa duka dogo huenda hana noti za kutosha kwa watu sita waliomfikia saa moja asubuhi, na hilo si kosa lake. Kumbuka wakala atataka kitambulisho chako halisi.

Ombeni noti ndogo: za mia, za mia mbili, za hamsini. Mwenye boda wa kutoka barabara kuu hadi getini hana chenji ya elfu. Noti zigawanyeni kwa watu wawili, ndani ya mfuko usiopitisha maji, ndani ya begi dogo linalokaa mwilini. Mtu akianguka mtoni asianguke na pesa ya kikundi chote.

Saa hizo mbili pia ni za kuwapigia watu wa nyumbani. Tuma zile pesa unazojua zitatakiwa ukiwa juu: fare ya mtoto, fundi wa Jumamosi, mchango wa chama. Usimwache mtu Kayole anapiga simu siku tatu mfululizo akitafuta karo, nawe uko Shipton's unatazama nyota.

Juu mlimani simu ni tochi na saa

Mtandao mlimani uko kwa vipande. Kwenye mgongo wa kilima unaweza kushika, ukiteremka bondeni umepotea kabisa. Na baridi hula betri. Usiku juu ya mita 4,000 joto hushuka chini ya sifuri, na simu iliyoachwa nje ya blanketi inaweza kuzimika ikiwa bado ilikuwa na nusu ya chaji. Lala nayo ndani ya mfuko wa kulalia, pamoja na pawabenki. Izime, au iweke kwenye hali ya ndegeni, maana simu inayotafuta mtandao usiku kucha inajimaliza yenyewe.

Safari ya mwisho ya kwenda Lenana huanza usiku, saa nane au tisa, ili mfike jua likichomoza. Kwa saa hizo mtu amechoka, ana baridi, vidole havishiki. Si wakati wa kufanya muamala wowote. Tunalisema hili kwa sababu kuna jambo tunaliona dogo ambalo lina madhara makubwa: mtu amechoka, anampa mwenzake simu na kumwambia PIN, "nitumie wewe." Usifanye hivyo, hata kwa rafiki, hata kwa mwongozaji uliyempenda. Jambo hilo halihusu tabia ya mtu. PIN ikishatajwa mbele ya watu watano kwenye kibanda, huwezi tena kujua nani anaijua. Kama umewahi kuitaja, ibadilishe mkishuka, kabla ya kuoga.

Simu ikipotea huko juu, usipoteze nusu siku kuitafuta kwenye mawe. Ina PIN, na bila PIN pesa yako haitoki. Mkishuka tu, tumia simu ya mwenzako kutupigia tuifunge laini, halafu nenda dukani na kitambulisho urudishiwe namba yako. Ndiyo maana kitambulisho kisikae kwenye kava ya simu.

Mtu akiugua, kinachoamua ni kushuka

Hii ndiyo sehemu ambayo tungependa isomwe na kila mtu kwenye kikundi, si mweka hazina pekee.

Ukipanda haraka kuliko mwili unavyozoea, hewa nyepesi hukuletea ugonjwa wa mwinuko. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi mbaya. Ukiwa na dalili hizo, usiendelee kupanda. Zikipungua mkipumzika, sawa. Zikizidi, shukeni. Lakini kuna dalili ambazo hazingojwi hata saa moja: mtu anahema akiwa ameketi, anakohoa na kifua kinakoroma, anayumba kama mlevi, au anaongea mambo yasiyoeleweka. Hapo maji yanaweza kuwa yanaingia mapafuni au ubongo unavimba, na watu hufa kwa hayo. Dawa ya kwanza ni kushuka, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama kilele kimebaki mita mia mbili, na asishuke peke yake. Kijana mwenye mazoezi mengi anaugua kama mwingine yeyote.

Pesa inaingia wapi hapa? Inaingia getini. Mgonjwa akifika chini anahitaji gari sasa, si baada ya mazungumzo. Gari la kwenda Nanyuki au hospitali ya Chogoria saa tisa usiku halina bei ya mchana, na mwenye gari ana haki ya kuuliza nani analipa. Kama mweka hazina wenu yuko bado kambini na simu imezima, fungu la dharura ni kama halipo.

Kwa hivyo lile fungu la nne lisipande mlima. Kabla ya kuondoka mjini, mtumieni mtu mmoja mliyekubaliana: dada, mke, mwenzenu aliyebaki ofisini. Mtu anayeshika simu usiku. Mpeni mambo manne kwa ujumbe: majina yenu wote, njia mnayotumia na siku ya kurudi, jina na namba ya mwongozaji, na namba ya dereva aliyewapeleka. Mgonjwa akishuka na mwenzake mmoja, wakipata mtandao popote, ni kupiga simu moja tu, na pesa inamfikia dereva moja kwa moja. Hata simu ya kuazima inatosha. Mtu wa nyumbani pia ndiye atakayeuliza siku ya kurudi ikipita kimya.

Kiasi kidogo cha dharura, kama elfu tano, kibebeni kwa noti pia, kwa mtu mwingine tofauti na mweka hazina. Na kama mmoja wenu ana bima, aulize kabla kama inagharamia uokoaji mlimani. Zipo nyingi ambazo hazigharamii.

Mlima huu haupandwi mtu peke yake. Mwongozaji mzuri ataona mtu anayumba kabla nyinyi hamjaona. Akisema shukeni, shukeni. Msianze kuhesabu pesa mliyolipa. Ada imeshalipwa, haitarudi kwa kuendelea kupanda.

Waliowabebea mizigo walipwe kwa majina yao

Mkishuka salama, furaha ni nyingi na watu wanakimbilia gari. Hapa kuna watu hupunjika, na ni wale waliobeba jiko lenu, mahema yenu na mabegi yenu.

Desturi ya zamani ni kumpa mwongozaji pesa yote agawe. Wengi hugawa sawasawa. Lakini simu imewapa njia iliyo wazi zaidi: kila mpagazi alipwe kwa namba yake. Siku ya kwanza getini, mkishatambulishana, mweka hazina aandike kwenye daftari jina na namba ya kila mmoja na kiasi alichoahidiwa. Aulize pia kama anapendelea noti. Wengine wanaishi ndani mashambani, wakala yuko mbali, na noti mkononi inamfaa kuliko ujumbe. Mfuateni anachotaka.

Mkishuka na mtandao ukirudi, tumeni mbele yao, mmoja baada ya mwingine, mkisoma jina kabla ya kukamilisha malipo. Msiondoke mpaka kila simu imelia. Na kama ni bahashishi ya 1,500, basi tuma na ya kutoa. Ukimwahidi mtu 1,500 akafika kwa wakala akapata pungufu, umempunguzia bila kujua. Kwako ni bei ya soda chache. Kwake ni nauli ya kurudi nyumbani.

Kama ulimwahidi mtu utamtumia ukifika Nairobi, mtumie kabla hujapanda gari. Ahadi za mlimani husahaulika kuanzia Sagana.

Orodha fupi ya usiku wa kabla

Isomeni kwa sauti kwenye kikundi:

Ada ya hifadhi imelipwa, risiti iko kwenye simu mbili na karatasi moja.

Jina la mwongozaji kwenye kitambulisho linafanana na jina lililotokea tulipolipa.

Kila mtu ana kitambulisho chake, na hakiko kwenye kava ya simu.

Noti ndogo ziko kwa watu wawili, ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Pesa ya dharura iko kwa mtu wa nyumbani, na amejibu ujumbe kuwa ameipokea.

Majina na namba za wapagazi zina ukurasa wake kwenye daftari.

Simu zote zimechajiwa, pawabenki pia, na hakuna anayejua PIN ya mwenzake.

Ukimaliza hiyo, funga begi. Weka kofia ya kukinga baridi juu kabisa, ndiyo utakayoitafuta kwanza. Na ukifika Lenana, ukiona Kilimanjaro ikitokeza mbali kusini siku ambayo anga iko safi, simu yako itakuwa na kazi moja tu ya kufanya: kupiga picha.